Mafaili Tekelezi Yanapoharibika Kimyakimya: Uhakiki wa Programu katika Seva za Ilala

Kati ya Kivukoni na Kariakoo, katika kata chache za Wilaya ya Ilala ambazo mtembea kwa miguu huzimaliza kwa asubuhi moja, zimesongamana ofisi za Benki Kuu katika Mtaa wa Mirambo, benki nyingi za biashara, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliyoko Upanga, na maduka ya jumla yanayouzia mikoa ya Tanzania pamoja na wanunuzi wanaovuka mpaka kutoka Zambia, Malawi na Kongo. Taasisi nyingi za eneo hilo, kubwa kwa ndogo, zimehamisha hesabu zake kutoka kwenye daftari na kuziweka katika seva ya kanzidata, yaani kompyuta iliyotengwa kwa kazi ya kutunza kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali na kuzitoa kwa kila mhudumu anayeziomba kupitia mtandao wa ofisi. Uharibifu wa kumbukumbu hizo huzungumzwa sana, na ndiyo sababu hata duka dogo huwa na diski ya akiba mahali fulani. Uharibifu wa programu inayozisoma na kuziandika kumbukumbu hizo hauzungumzwi, ingawa ndio unaoweza kuharibu hesabu za miezi mingi bila diski ya akiba kuwa na msaada wowote.

Ndani ya seva ya kanzidata mna aina mbili za mafaili zinazotofautiana kitabia. Aina ya kwanza ni mafaili ya data, ambayo hubadilika kila mara muuzaji anapokata stakabadhi au muuguzi anapoandikisha mgonjwa, na kwa hiyo kubadilika kwake si dalili ya ugonjwa. Aina ya pili ni mafaili tekelezi, yaani mafaili yanayobeba maagizo ambayo kichakato cha kompyuta huyafuata moja kwa moja. Mwandishi wa programu huandika maagizo yake katika lugha inayosomeka na binadamu, na maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyageuza kuwa lugha ya mashine, ambayo ni mfululizo wa namba tu. Faili linalotokana na kazi hiyo halipaswi kubadilika hata kidogo tangu siku liliposimikwa hadi siku litakapobadilishwa kwa toleo jipya, na tabia hiyo ya kutulia ndiyo inayoufanya uharibifu wake ugundulike kwa urahisi kuliko wa data, mradi mtu amejishughulisha kuangalia.

Ugumu ni kwamba lugha ya mashine haisomeki kwa jicho. Mhasibu anayepitia jedwali la mauzo anaweza kuona kwamba bei ya gunia la mchele imeandikwa shilingi 8 badala ya 80,000, lakini hakuna mtu anayeweza kufungua faili tekelezi lenye mamilioni ya baiti na kutambua kwamba moja imegeuka. Baiti ni kifungu cha biti 8, na biti ni kipimo kidogo kabisa cha taarifa, chenye thamani ya sifuri au moja. Katika vichakato vya familia ya x86, ambavyo ndivyo vinavyoendesha seva nyingi, agizo la kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu endapo thamani mbili zilizolinganishwa ziko sawa huandikwa kwa baiti 01110100, na agizo la kuruka endapo haziko sawa huandikwa 01110101. Tofauti kati ya maagizo hayo mawili, ambayo maana zake zinapingana kabisa, ni biti moja ya mwisho. Biti hiyo ikigeuka katika sehemu ya programu inayouliza kama ankara imekwisha kulipwa, ankara zilizolipwa zitahesabiwa kuwa madeni na madeni yatahesabiwa kuwa yamelipwa, wakati programu inaendelea kufunguka kila asubuhi na kuchapa ripoti zenye jumla zinazolingana chini ya ukurasa.

Si kila biti inayogeuka huleta balaa la namna hiyo. Nyingi huangukia sehemu za programu ambazo hazitumiki kabisa, na nyingine huifanya programu ianguke papo hapo, jambo ambalo linakera lakini lina heri yake kwa kuwa fundi ataitwa siku hiyohiyo. Kinachostahili kuogopwa ni kundi la katikati, ambalo programu yake inafanya kazi na kutoa jibu lisilo sahihi.

Vyanzo vya uharibifu ni vingi, na mazingira ya Dar es Salaam huvizidisha. Umeme unapokatika ghafla wakati toleo jipya la programu linasimikwa, faili hubaki nusu jipya na nusu tupu, au kumbukumbu ya mahali vipande vyake vilipo kwenye diski huvurugika. Hali hiyo ilikuwa rahisi kutokea wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuingiza umeme katika gridi mnamo Februari 2024. Joto, vumbi la mitaa ya Kariakoo na hewa ya chumvi itokayo baharini huchosha diski, feni na viunganishi vya nyaya, hasa pale seva inapokaa chini ya kaunta pamoja na maboksi ya bidhaa. Zaidi ya hayo kuna makosa ya kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambamo nakala ya programu hupakiwa kabla ya kutekelezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu seva za kampuni ya Google ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya RAM vilipata angalau kosa moja kwa mwaka, kiwango kilichowashangaza wahandisi wengi wa wakati huo. Mfano unaotajwa sana ni wa uchaguzi: katika uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 18, 2003, kompyuta ya kuhesabia kura katika manispaa ya Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada, na kosa likagunduliwa kwa sababu tu alikuwa na kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Namba 4,096 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani thamani kamili ya biti moja katika nafasi ya 13, na wachunguzi hawakupata maelezo mengine isipokuwa kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe.

Chanzo kingine si cha kimaumbile. Programu za uhasibu na za mauzo zinazosimikwa kutoka kwenye flashi isiyo na leseni huwa zimebadilishwa kwa makusudi ili zisiulize namba ya leseni, na aliyezibadilisha amegusa lugha ya mashine yenyewe. Faili la namna hiyo ni bovu kabla halijafika dukani, na mwenye duka anayeona ameokoa gharama ya leseni amejinyima jambo moja la thamani: hana nakala ya asili anayoweza kulinganisha nayo.

Neno kulinganisha ndilo kiini cha njia zote za ugunduzi. Njia hizo si ngeni: kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilisimikwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam. Mashine za kizazi hicho tayari zilikuwa na kinga ya kwanza ya aina hii: kila herufi iliyohifadhiwa iliongezewa biti moja ya uhakiki, iliyowekwa kwa namna ambayo idadi ya biti zenye thamani ya moja iwe shufwa daima, au witiri daima, kutegemea mashine. Biti moja ikigeuka, hesabu ya shufwa na witiri huvunjika na mashine hutoa taarifa. Udhaifu wa kinga hiyo ni kwamba biti mbili zikigeuka kwa pamoja, hesabu hurudi kuwa sawa na kosa hupita.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hutumia jamaa wa karibu wa njia hiyo kila siku bila kuiona. Chini ya msimbo mlia uliochapwa kwenye boksi la bidhaa mna tarakimu 13, na zinazoanza na 620 ni za kampuni zilizosajili namba zake Tanzania. Tarakimu ya mwisho haielezi bidhaa wala kampuni, kazi yake ni kuhakiki zile 12 zilizotangulia. Kwa namba ya mfano 620123456789, tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 zikijumlishwa hupatikana 26, na za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 zikijumlishwa hupatikana 27, ambayo huzidishwa kwa 3 ili kuwa 81. Jumla ya 26 na 81 ni 107, na ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 110, inahitajika 3. Basi 3 ndiyo tarakimu ya uhakiki. Mhudumu akikosea tarakimu moja wakati wa kuandika kwa mkono, hesabu haitafikia kumi kamili na mashine itamkatalia.

Kwa faili lenye mamilioni ya baiti, tarakimu moja haitoshi. Panahitajika kanuni ya hesabu inayolisoma faili zima, baiti kwa baiti, na kutoa muhtasari mfupi wa urefu uleule daima, ambao wataalamu huuita alama ya kidole ya kidijiti. Kanuni inayotumika sana sasa, SHA-256, hutoa alama yenye biti 256, ambazo huandikwa kwa tarakimu 64 za mfumo wa namba wa msingi wa 16, iwe faili ni la baiti kumi au la gigabaiti kumi. Na biti moja ya faili ikigeuka, takriban nusu ya biti za alama hugeuka, kwa hiyo tofauti haifichiki. Kanuni zilizoitangulia zimezeeka kwa namna isiyolingana. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, ilivunjwa mwaka 2004 pale watafiti wa China walipotengeneza data mbili tofauti zenye alama moja, na SHA-1 ikafuata mwaka 2017. Hata hivyo kuvunjwa huko kunamhusu adui anayetengeneza faili bandia kwa makusudi. Kwa uharibifu wa diski au umeme, ambao hauna nia, MD5 bado hugundua vizuri, na mafundi wanaoidharau kabisa wanachanganya maradhi mawili tofauti.

Kazi yenyewe ina hatua chache, ambazo ugumu wake uko katika nidhamu. Siku programu inaposimikwa kutoka kwenye nakala halali, na kabla seva haijafunguliwa kwa watumiaji, alama ya kila faili tekelezi huchukuliwa na kuandikwa katika orodha. Baadaye, kwa ratiba, alama huchukuliwa upya na kulinganishwa na orodha hiyo. Gene Kim na Eugene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliifanya kazi hii kuwa ya kujiendesha mwaka 1992 walipotoa programu ya Tripwire, na AIDE, ambayo haina malipo, hufanya kazi hiyohiyo leo. Katika Linux ya familia ya Red Hat orodha ya alama huja pamoja na programu zilizosimikwa kwa njia rasmi, na amri rpm -Va huzipitia zote: mstari wenye tarakimu 5 humaanisha alama imebadilika, herufi S humaanisha ukubwa umebadilika, na herufi c husema kwamba faili hilo ni la mipangilio, ambalo msimamizi huwa na haki ya kulibadilisha na kwa hiyo halipaswi kumtisha mtu. Debian ina debsums, na Windows ina sfc, ambayo hata hivyo hukagua mafaili ya Windows yenyewe na haigusi programu ya mauzo iliyonunuliwa kwingine. Programu ya namna hiyo huhitaji orodha yake, na orodha hiyo haitajiandika.

Orodha ya alama haina maana ikikaa ndani ya seva inayohakikiwa, kwa kuwa mvamizi aliyebadilisha faili atabadilisha na orodha, na diski iliyokufa itakufa nayo. Ilala imekuwa na mafunzo makali zaidi ya hayo: soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilohilo la biashara Novemba 16, 2024 na kuua watu. Kilichohifadhiwa ghorofa moja na seva hakijahifadhiwa. Orodha ya alama za seva nzima ni ndogo kiasi cha kutosha kwenye ujumbe mmoja wa barua pepe, na hata kuchapwa kwenye karatasi na kufungiwa pamoja na hati ya pango.

Pale alama zinapotofautiana, hatua ya kwanza si kusimika upya, ingawa ndiyo inayomjia fundi haraka. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta, huweka nakala ya mafaili yaliyosomwa karibuni ndani ya RAM, na hesabu ya alama inaweza kuwa imesoma nakala hiyo na si diski. Kwa sababu hiyo seva huzimwa kwa utaratibu, huwashwa, na alama huchukuliwa upya: ikirudi kuwa sahihi, faili kwenye diski ni zima na tuhuma zinahamia kwenye RAM; ikibaki na kosa lilelile, diski ndiyo yenye uharibifu; na ikitoa jibu jipya kila inapochukuliwa, basi waya, kidhibiti cha diski au RAM ndicho kinachopaswa kubadilishwa kabla ya jambo lingine lolote. Faili bovu hunakiliwa pembeni kwa ajili ya uchunguzi, na baiti zinazotofautiana na nakala ya asili huonyesha chanzo cha tatizo: biti moja iliyogeuka huelekeza kwenye RAM, kifungu cha baiti 512 au 4,096 kilichojaa sifuri huelekeza kwenye diski au kukatika kwa umeme, na kipande kilichobadilishwa kwa mpangilio wenye maana huelekeza kwa binadamu.

Kuna programu nyingine iliyojificha mahali ambapo AIDE na rpm hazifiki. Kanzidata kubwa kama Oracle huhifadhi ndani yake taratibu zilizokompailiwa, kwa mfano ya kukokotoa riba au ya kufunga hesabu za siku, na taratibu hizo hukaa ndani ya mafaili ya data, ambayo hubadilika kila sekunde na hayawezi kuchukuliwa alama kwa namna iliyoelezwa. Oracle huweka hali ya kila utaratibu, kama ni halali au si halali, na msimamizi anaweza kuiomba orodha ya taratibu zisizo halali na kuzikompaili upya kutoka kwenye msimbo chanzo. Lakini hali hiyo hutokana na mabadiliko ya majedwali ambayo utaratibu unayategemea, na haiwezi kuchukuliwa kuwa cheti cha uzima wa baiti zake. PostgreSQL kwa upande wake ilianza mwaka 2013 kuruhusu kila ukurasa wa data kuwekewa jumla ya uhakiki, na toleo lake la 18 la mwaka 2025 limeufanya mpangilio huo kuwa wa kawaida. Hiyo ni hatua njema, lakini inalinda data. Programu yenyewe ya PostgreSQL inabaki kuwa jukumu la msimamizi.

Mipaka ya njia hii lazima ielezwe bila kificho. Alama inathibitisha kwamba faili halijabadilika tangu lilipoandikwa kwenye orodha, na haithibitishi kwamba lilikuwa jema siku hiyo. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kanzidata hiyo alipoona kwamba kuingia katika seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, na mtu aliyekuwa amejenga imani ya wenzake kwa miaka miwili na zaidi. Alama za toleo lile zililingana kikamilifu na zilizotangazwa na mtoaji, kwa kuwa aliyelichafua ndiye aliyelitoa.

Baada ya ugunduzi hubaki swali zito kuliko yote, nalo ni data iliyoandikwa na programu bovu tangu uhakiki wa mwisho uliofaulu. Ukaguzi ukifanyika kila usiku, ni siku moja ya kupitia. Ukifanyika mara moja kwa mwaka, au usipofanyika kabisa, kitabu kizima kinatiliwa shaka, na nakala za akiba zimekwisha kurithi makosa yaleyale. Mwenye duka anayetumia EFD, yaani mashine ya kutolea stakabadhi za kodi za kielektroniki, iliyo kando na seva ana shahidi huru, kwa kuwa mashine hizo, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hutoa ripoti ya Z ya kila siku ambayo jumla yake inaweza kulinganishwa na ile ya kanzidata. Anayetumia VFD, ambayo ni programu badala ya mashine, hana shahidi wa namna hiyo, kwa sababu stakabadhi iliyotumwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na rekodi iliyobaki dukani zinaweza kuwa zimekokotolewa na faili lilelile. Kwake yeye uhakiki wa mafaili tekelezi ni sehemu ya utunzaji wa hesabu za kodi, na unastahili uzito uleule.

Mwenye biashara hahitaji kujifunza lugha ya mashine ili ajilinde. Inatosha amuulize fundi wake orodha ya alama imehifadhiwa wapi nje ya seva, na ni lini ililinganishwa kwa mara ya mwisho; na asilipe ankara ya matengenezo ya mwezi mpaka majibu hayo mawili yaandikwe juu yake, pamoja na tarehe.